Mkasi Ilikuwa Inalala Kwangu

Mi sina moyo ya kungojea. Bantu ba soko ya Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi hapa Malawi, banajua: ukisimama ku meza yangu ya kaunjika, zile nguo za mitumba ninatoa ku Lilongwe, ukigeuza shati, ukinusa, ukirudisha, ukigeuza tena, nitakuambia enda kwa mwengine. Bwana yangu Hamissi anasema Mungu alinipa mdomo akasahau kifuniko. Sawa. Lakini hii mdomo njo ilimsaidia Télesphore siku yeye mwenyewe alikuwa anajimaliza kwa heshima. Kwa hiyo msamaha siombe mtu.

Télesphore ni mtu wa Fizi, kule Kongo. Sisi tunamwita Baba Cadeau, juu ya mtoto wake wa kwanza, na bibi yake Jeannette tunamwita Mama Cadeau. Kwabo bote ni balimaji, lakini yeye alijifunza kushona. Balifika mu kambi wakati vita ya pili ilikuwa inakula Fizi na Uvira; sisi ba Kindu tulikuwa tumeisha kufika kidogo mbele yabo, tukajifanya benyeji. Masini yake ya kushona ilibakia kule. Kintu moja tu alivuka nayo ziwa: mkasi ya kukatia nguo, ya chuma nyeusi, nzito. Ile mkasi ilikuwa ya kaka yake mkubwa Josué, mwenye alimfundisha kazi. Josué balimuua ku barabara ya Baraka, na Télesphore alikuwa amelala mu majani, anaona. Zaidi ya pale hakuniambia. Mu kambi hatuulizane zile mambo. Mtu akitaka kusema, atasema.

Kanisa yabo ilimtafutia masini ya kukanyaga na miguu. Akaiweka ku baraza, pembeni ya meza yangu, na pale tuliikala mi na kaunjika yangu, yeye na masini yake, Mwislamu na Mkristo, tunachokozana kutwa.

"Mama Lukman," anasema, ananiangalia kutoka juu paka chini, "umeongeza kiuno."

"Angalia kitambaa ya bantu, acha kiuno yangu." Lukman ni kifungua mimba wangu, njo jina yangu hapa.

Hakuwa anatumia chaki. Alikuwa anakuangalia mara moja, anatandika kitenge, mkasi inaingia, inatoka, na gauni inakukalia sawa ulizaliwa nayo. Mi nilikuwa naogopa kila mara, juu kitambaa ikiisha kukatwa haina kurudi. Yeye hakuogopa. Hata bamama ba Malawi ba bijiji bya karibu balikuwa banamletea bitambaa byabo, na Bamalawi bako na mafundi babo.

Bangi alikuwa anavuta, ile Bamalawi banaita chamba. Nilijua tangu mwanzo. Kazi yangu ni nguo, na nguo inanieleza mtu mbele mdomo wake haijaeleza. Dzaleka ilikuwa gereza zamani, kuta zingine ziko paka leo, na nyuma ya zile kuta njo banaume balikuwa banakutana asubuhi kabla soko haijafunguka. Anarudi na macho mekundu, mpole, anaikala ku masini, anatia uzi.

"Baba Cadeau," nilimwuliza siku moja, "hii moshi itakupeleka wapi?"

"Haina kunipeleka, Mama. Inanifungia mlango. Nikivuta, Josué analala. Nisipovuta, anaita paka jioni."

Mi nikafikiri: kama inamlalisha maiti, mwache. Bengi tulikuwa tunafikiri vile. Bantu ba vita kila mtu iko na dawa yake: mwengine pombe, mwengine maombi, mi kelele. Kumbe ile mlango ya bangi iko na kitasa mbili. Ilifunga upande moja, na pole pole ikafungua ingine.

Akaanza kusema peke yake. Asubuhi haikumtosha tena, akawa anaenda nyuma ya kuta na saa ya mchana. Kisha akaanza kuacha kola. Mtu analeta kitambaa ya shati, anapewa shati bila kola, anagombana, na Télesphore anamwambia tu, "Ni vizuri shingo ipumue." Tulicheka sana. Tukasema labda ni mode ya Paris imetufikia.

Ikakuya Pasaka. Korale, ni kusema kwaya, ya kanisa yabo ilinunua kitenge moja, ya rangi ya majani na njano, na yeye akabashonea iniforme bote. Kwetu Bakongomani korale bila iniforme ni bapita njia tu. Kola za zile iniforme alizishona, juu Pasta Robert alisimama pale pale ku masini na akamlazimisha. Siku ya repetisyo ya mwisho, bakijizoeza nyimbo, Télesphore alisimama nyuma, anasikiliza. Katikati ya wimbo akatoka mbio na mkasi mu mkono. Akamshika Régine, ule mama wa sauti ya kwanza, akaingiza ile chuma baridi ku shingo yake, akakata kola. Kola tu. Alafu akamgeukia wa pembeni. Alikuwa analia, anasema, "Inabanyonga, hamuone, inabanyonga." Banaume ba sauti ya chini bakamwangusha. Hakuna mwenye alitoka damu, lakini paka jioni kambi nzima ilikuwa inasema: Télesphore alitaka kumchinja Régine.

Pasta Robert ni mtu mzuri, sitamsema vibaya. Alimuingiza mu chumba ya maombi, na bakafunga nayeye, bila chakula, bila maji, juu balijua pepo hawezi kuikala mu tumbo tupu. Hamissi yangu naye hakubakia nyuma: akaleta kombe, maandiko ya Kurani yenye baliosha mu sahani, ili anywe. Basi dini mbili zilikuwa zinagombania kichwa moja ya mtu. Na ule mtu bangi hakuwa anapata tena, chakula hakuwa anapata, alikuwa anatoka jasho, halali, anapiga mlango na kipaji cha uso. Bakasema pepo anagoma kutoka. Nikasema, mtu mwenye njaa atagoma hata bila pepo. Habakupenda.

Bazee bengine ba kanisa balitaka mkasi izikwe, juu eti iko na damu ya marehemu. Jeannette akasikia. Alikuya kwangu haraka, mkasi chini ya kitenge yake.

"Mama Lukman, we si wa kanisa yetu, habatatafuta kwako. Ikae hapa paka apone. Bakizika hii chuma, bananizikia bwana yangu akiwa muzima."

Nikaitundika ku msumari juu ya kitanda. Tangu ile siku mkasi ya Télesphore ilikuwa inalala kwangu, na kila nikifungua macho ninaiona, na ninajua maana yake. Akipona atarudishiwa, atakuwa tena fundi na baba mu nyumba. Asipopona, atabakia mtu wa kufungiwa mu chumba, Jeannette atabakia mke wa wazimu, na hii chuma itaota kutu juu ya kichwa yangu.

Njo nilienda ku klinik ya kambi. Infirmiye, muuguzi wa pale, ni mama wa Kimalawi, mpole, anasema kwa sauti ndogo. Mi nikasema kwa yangu. Aliacha bagonjwa ku foleni, akakuya mwenyewe kumwona mu ile chumba. Kesho yake gari ikampeleka Lilongwe, ku lopitali, upande ya bagonjwa ba kichwa. Pasta Robert alikuya kumshika mkono mu gari. Akasema, "Sisi tutaomba huku, na bo bafanye yabo kule." Nilimheshimu kwa ile neno.

Kule bakamlalisha, bakamlisha, bakamngojea jasho ya bangi iishe. Aliporudi alikuwa anajua jina za batoto bake, na sauti zimenyamaza. Balimpa kinini za kumeza kila siku, na tarehe ya kurudi kila mwezi. Jeannette alikuwa anamsimamia na kikombe cha maji paka ameze. Kanisa ikaimba. Hamissi akasema ni kombe imesaidia, nikamwacha na furaha yake.

Lakini mikono. Zile kinini zilimfungia sauti na zikamfungulia mikono. Vidole vilikuwa vinatetemeka sawa mtu ametoka kuogelea, shingo imekaza, mate inatoka bila yeye kujua. Alikuya kwangu, akasimama ku mlango.

"Mama Lukman, niko bien sasa. Nimekuya kuchukua mkasi."

Sikumkatalia. Niliishusha, nikampa na shati moja ya kaunjika yenye haina thamani, nikamwambia, "Nikatie mkono ya hii shati, sawasawa." Alijaribu. Mkasi ikapita mule sawa njia ya mbuzi, ikapanda, ikashuka.  Akaweka ile shati chini, na mkasi juu yake, na akaenda bila kuniaga. Nilisikia vibaya. Nilitamani ningemwambia uongo, nimfukuze tu na mdomo yangu kama navyojua.

Baada ya pale harufu ya bangi ikarudi mu nguo zake. Hakuacha kinini, Jeannette hakumpa nafasi. Lakini asubuhi, kabla soko, alikuwa anarudi nyuma ya zile kuta. Mwanamume hana kazi, mikono inamcheka mbele ya batoto, angefanya nini? Na mbona kila mwezi alikuwa anaenda Lilongwe na anarudi na kinini zile zile. Nikamwuliza Jeannette, "Munganga wa lopitali anasema nini juu ya mikono?"

"Munganga haulizi mikono."

"Na nyinyi munamwambia?"

Akaniangalia sawa nimemtukana mtu. "Mama Lukman, ule munganga anatupa bure. Utapewa bure na utalalamika?"

Hapo njo nilielewa. Mtu mwenye hajaikala mu kambi hataelewa. Siku ya kugawa posho, ukisema mahindi iko na bidudu, bantu ba nyuma yako mu foleni banakubana mbavu: nyamaza, batatufungia msaada. Tunapokea, tunasema zikomo, asante ya Kimalawi, tunaenda kuchagua bidudu ku nyumba. Tumefundisha batoto betu vile. Ni adabu yetu, na kwa mahindi inasaidia. Kwa ugonjwa, haisaidie. Mficha ugonjwa, kilio inamuumbua.

Mwezi ile Jeannette alikuwa ametoka kuzaa, hawezi safari. Nikasema mi nitamsindikiza, ninajua Chichewa ya soko, na kwa vile ninaenda kutafuta balo, furushi ya nguo za kuuza. Mu njia tukapita Kanengo, kule kunapouzwa tumbaku, na ilikuwa majira yake. Harufu iliingia mu gari paka mu meno. Nikamwona Télesphore anafunga macho, anashika kiti ya mbele na mikono yote mbili. Ile harufu ilikuwa inamkumbusha moshi yake. Nikampa tangawizi atafune.

Munganga kule banamwita Bambo Kachale, mtu mfupi, wa sweta, amechoka, na bagonjwa bake banajaza benchi paka inje. Alitupokea vizuri. Télesphore akaikala sawa tunavyoikala mbele ya mkubwa: mgongo umeinama, kichwa chini, mikono imefungwa katikati ya magoti.

"Muli bwanji?" munganga akauliza, ni kusema, hali yako?

"Ndili bwino, zikomo," Télesphore akajibu. Niko muzima, asante.

"Na kinini?"

"Zikomo kwambiri."

Bambo Kachale akachukua kalamu aandike kinini zile zile. Mi nikashika ile karatasi. Nikamwambia, "Bwana, ngoja. Usiandike." Nikatoa mu kitambaa yangu ya kichwa sindano, juu mwanamke wa kaunjika hatembee bila sindano, nikavuta uzi ku upindo ya kitenge yangu, nikamwekea Télesphore mbele, juu ya meza.

"Baba Cadeau, tia uzi."

"Mama Lukman, tafadhali."

"Tia uzi. Munganga akuone."

Ikabidi atoe mikono kutoka mu magoti. Alitafuta tundu ya ile sindano. Uzi ikapita kushoto, ikapita kulia, ikaanguka. Akaiokota, akajaribu tena. Mate ikamtoka, akaipangusa na bega. Bambo Kachale alikuwa ameacha kalamu. Hakumzuia, na mi sikumzuia, paka Télesphore mwenyewe akaweka sindano chini, akasema mu Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Mi ni fundi wa kushona. Sikumwambia."

Nikatafsiri. Nikaongeza na bangi, yote, asubuhi na kuta na harufu, juu nilijua yeye hataisema. Télesphore aliniangalia sawa nimemvua nguo mbele ya bantu.

Bambo Kachale hakumgombeza. Alisema, "Kila mwezi umenishukuru, na mi nikafikiri dawa inakufaa. Mikono yako sijaiona hata siku moja, iko chini ya meza. Ningepaswa kuuliza unafanya kazi gani." Akasema kinini zile ni za nguvu, kwa mtu mwengine zinatetemesha mikono, na iko njia: atapunguza, na ataongeza kinini ingine ndogo ya kutuliza mitetemo. Alafu akauliza juu ya bangi, na aliuliza pole pole, hata mi nikashangaa.

"Inakusaidia nini?"

"Inanifungia mlango."

"Nyuma ya mlango kuna nani?"

Na pale, mbele ya Mmalawi mwenye hakuwa anaelewa Kiswahili, Télesphore akasema. Mi nilikuwa natafsiri maneno moja moja, kwa hiyo nilisikia yote mara mbili. Baaskari balimkamata Josué ku kola. Balimvuta ku kola mu barabara, shati ilikuwa ya mkono wake Télesphore, shati ya kwanza alishona bila kusaidiwa, na kola yake ilishonwa nguvu, mara mbili, ili Josué asifu kazi. Yeye Télesphore alikuwa mu majani, anaomba kola ipasuke, Josué aponyoke. Haikupasuka. Nilipofika pale kwa tafsiri nikapangusa uso na upindo ya kitenge, mi Maimouna, mwenye ninagombana na soko nzima. Bambo Kachale akatungojea.

Kisha akasema, "Bangi haijafunga ile mlango. Kwa kichwa sawa yako inaifungua zaidi, na inaleta sauti zake juu. Nitakutibu bote bawili, ugonjwa na bangi, lakini saa moja ya siku utanisaidia. Saa gani ni ngumu?"

"Asubuhi. Mbele ya kazi."

"Ile saa tafuta mtu wa kwenda kwake. Usiibakize tupu."

Télesphore akapokea karatasi ya kinini. Mu njia ya kurudi, tukiisha kupita Kanengo, akaniuliza, "Mama Lukman, we unaamka saa gani?" Nikamwambia mi ninaamka mbele ya jogoo, juu Hamissi anakoroma. Njo mara ya kwanza nilimwona anacheka tangu Pasaka.

Mikono haikupona siku moja. Kwanza mate ikakauka, kisha shingo ikalegea, kisha vidole. Bangi nayo haikuachika siku moja. Kuna siku alivuta tena, na mi nilijua mbele hajafika mlangoni. Kila mara tulirudi Lilongwe, akayasema, Bambo Kachale hakumfukuza. Paka siku moja alichukua shati ku meza yangu bila kuniomba ruhusa, akaipasua mkono na wembe, akairudisha na sindano, mshono umenyooka. Nikaingia ndani, nikaleta mkasi.

"Chukua. Ni yako."

Aliishika. Akaisikia uzito, akafungua, akafunga. Alafu akanirudishia.

"Ibakie kwako ku msumari. Kila asubuhi nitakuya kuiomba, na jioni nitairudisha. Uniangalie macho, uninuse, kisha unipe. Siku haijakaa sawa, usinipe."

"Mi sasa nimekuwa polisi wa pua?"

"We ulikuwa polisi tangu zamani, Mama. Tunakuongezea cheo tu."

Ikawa vile. Anakuya asubuhi, ninamwekea chai, tunasalimiana kwa urefu, juu yake, bibi yake, batoto, mtoto mchanga, kichwa. Ninamwangalia macho. Ninanusa bega ya shati yake bila haya. Kisha ninamshushia mkasi. Bajirani bakacheka, eti Mama Lukman ameoa mume wa pili wa Kikristo. Hamissi akasema, "Aongezwe chai, labda atamwondolea kelele."

Kitambaa bantu habakuleta mara moja. Aliyeumwa na nyoka anaogopa hata kamba. Nilimpa kazi ya kupunguza suruali za kaunjika, na pale bakamwona, siku baada ya siku, mkasi mu mkono na batoto banacheza karibu, hakuna kintu. Mwenye alifungua njia ni Régine mwenyewe. Alikuya na kitenge mpya, akasimama mbali na masini, mkono ku shingo.

"Nishonee sketi," akasema. "Sketi tu. Nguo ya juu tutaona mwaka ijayo."

"Mama Régine," akamwambia, "nilikuogopesha. Siku ile nilifikiri ninakuokoa."

"Ninajua. Pasta alinieleza. Lakini shingo yangu haijaelewa bado."

Akamkatia sketi, bila chaki. Ilimkalia. Mwaka yenye ilifuata alileta ya gauni nzima.

Mi mwenyewe nitasema kweli: kila asubuhi nilipomshushia ile chuma, nilikuwa naogopa. Ninamwangalia macho, ninaona sawa, ninampa, na kutwa nzima jicho moja liko ku meza yangu, ingine ku shingo ya bantu. Kumpenda nilimpenda. Kumwamini ilikuwa kintu ingine.

Kisha redio ikaanza kusema bakubwa betu bametia sahihi, vita imeisha. Kambi ikajaa maneno ya kurudi. Bantu bapya bakafika hata hivyo, ba Baraka, na bakaleta habari za ile barabara: nani yuko, nani hayuko, nani amelima wapi. Télesphore alikuwa anabasikiliza, anashona. Hakuniambia kintu na mi sikumwuliza, ile desturi yetu.

Asubuhi moja alichelewa. Chai ikapoa. Alipofika hakuingia, alisimama ku mlango. Mi nilikuwa nimeisha kushusha mkasi. Nikamwangalia macho: meupe. Nikamsogelea, nikanusa bega: sabuni. Nikamnyoshea.

"Leo hapana, Mama Lukman."

"Haunuki kintu."

"Sijavuta. Kinini ninameza. Lakini Josué ameanza tena kuniita, na jana mu ibada niliangalia kola ya Pasta Robert paka mwisho, sikusikia hata neno moja ya mahubiri. Itundike. Tuende Lilongwe mbele sijavuta, mbele sijaigusa."

Nikaikala ku kitanda na ile chuma mu mapaja. Asubuhi zote alizoichukua sikumwamini. Asubuhi aliyoiacha, nikamwamini, yote, bila kubakiza. Nikaitundika ku msumari, nikafunga kitambaa ya kichwa, sindano ndani yake, nikamwambia Hamissi aangalie meza.

Kanengo tulipita, harufu ikaingia, na nilikuwa na tangawizi yangu tayari, akaomba mwenyewe. Ku benchi tulingojea sana. Mu njia yote nilikuwa napanga maneno ya Chichewa mu kichwa, namna nitaeleza, namna nitagombana kama ikibidi. Tukaingia. Bambo Kachale, na ile sweta yake, akainua macho.

"Muli bwanji?"

Télesphore alitoa mikono kutoka mu magoti, akaiweka yote mbili juu ya meza, mbele ya munganga.

"Sindili bwino," akasema. Siko muzima.

Bambo Kachale akasogeza kiti yake karibu. Na mi, mwenye mdomo bila kifuniko, sikuongeza hata neno moja.